Bibi Harusi wa Kuazima

Jua liliniangukia kichwani ghafla. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ya mikeka, kwenye kigiza chake, nimefunikwa shuka jekundu mpaka puani, mara mkeka wa juu ukavutwa kwa nguvu, ukanasa kwenye fito, ukachanika, na jua lote la Garsen likamwagika juu yangu. Watu waliokuwa nje walikuwa bado wanacheka. Halafu wakanyamaza. Askari wawili wa boma la serikali walikuwa wanang'oa fito za nyumba kama wanang'oa mihogo. Aayo, mwenye nyumba, alikuwa amepiga magoti mlangoni, anasema yale yale tu, "Nyumba ya mtoto wangu. Nyumba ya mtoto wangu." Mama yangu alikuwa amemshika askari mmoja mkanda, anaburutwa naye huku na huku wala hamwachi.

Katikati ya vurugu ile akaingia mkalimani. Alinipita kama hanioni. Akanyoosha mkono kwenye fito za nyuma, akakitungua chombo cha maziwa, akakitia kwapani, akatoka. Hakukimbia. Alitoka kama mtu aliyetumwa sokoni na mkewe.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Aayo amekufa. Mama yangu alichukuliwa na mafuriko. Bibi harusi mwenyewe tumemzika mvua hizi zilizopita. Nimebaki mimi. Mimi nilisoma misheni mpaka darasa la tatu, basi, lakini kalamu najua inavyoshikwa. Jina la mkalimani huyo siliandiki kwa sababu wanangu wameniomba. Nitaandika alivyokuwa, na kila mtu wa Garsen wa umri wangu atamjua kabla hajafika mwisho.

Nianze na furaha, maana furaha ilikuwa kubwa kuliko uchungu, na hiyo nayo ni haki yake iandikwe.

Sisi ni Wapokomo, watu wa mashamba ya ukingoni mwa mto. Kijiji chetu kilikuwa karibu na malka, ile njia pana ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia kunywa maji wakati wa kiangazi. Ng'ombe wakishuka, wenye ng'ombe nao hushuka, na ndivyo mama yangu alivyompata Aayo. Aayo ni mama kwa lugha ya Waorma. Binti yake alimwita hivyo, na mimi nikamwita hivyo, na mama yangu naye mwishoni akawa anamwita hivyo hivyo ingawa walikuwa rika moja.

Asubuhi Aayo alileta maziwa, mama alimpa mahindi na ndizi. Hawakupima. Walikaa chini na kutukanana.

"Leo mmekula kambare," Aayo alisema akifika. Waorma samaki hawali. "Harufu nimeipata nikiwa bado porini."

"Na wewe unanuka moshi," mama alimjibu. "Ng'ombe wako wanakufuata kwa kuwa wanadhani pori linaungua."

Moshi huo ulitoka kwenye vyombo vyake. Vyombo vya maziwa vya Waorma hufumwa kwa mizizi, vinabanwa mpaka havivuji hata tone, kisha hufukizwa ndani kwa vijinga vya moto. Maziwa yake yananukia moshi mpaka kesho. Aayo alikuwa navyo vingi, lakini kimoja kilikuwa kikubwa, cheusi kwa miaka, alichopewa na mama yake alipoolewa, na mama yake alipewa na mama yake. Hicho kilikuwa kinamngoja binti yake.

Siku moja mbuzi wetu alikanyaga kifuniko chake kikapasuka ukingo. Aayo alikiokota, akakiangalia. Mama alikwenda ndani, akatoka na ukindu wa zambarau aliokuwa akishonea mkeka, akaushona ule ukingo mzunguko mzima, mshono wa kwetu, ule wa kupishana kama meno ya mamba. Aayo alikigeuza, akakigeuza tena.

"Haya," akasema. "Chombo changu kimeolewa na Wapokomo. Mahari yake nani analipa?"

"Mbuzi," mama akasema.

Walicheka mpaka wakashikana.

Kiangazi kile binti yake alikuwa ameshaposwa. Nyumba ya Muorma ni mali ya mwanamke. Mama na wanawake wa kwao humtengenezea bibi harusi, fito zinazopindwa na mikeka ya kufunika, ikafunguliwa na kubebwa mpaka kwa mume na kusimamishwa huko. Msimu mzima Aayo na wenzake walikaa kusokota kamba na kufuma mikeka ile, nasi tukienda kuwasaidia kuchuna nyuzi. Bibi harusi alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mrefu, mpole mbele ya watu na mtundu sana tukiwa wawili. Alinifundisha kukama. Mimi nilimfundisha kuogelea, jambo ambalo mama yake hakulijua mpaka anakufa.

Ndipo akaja mkalimani.

Alikuwa kijana wa boma. Suruali yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Alivaa tarbushi nyekundu, jino moja la dhahabu mbele, na filimbi shingoni kama refa. Alijua lugha zote za mtoni, Kipokomo, Kiorma, Kisomali, Kigiriama, na Kiingereza juu yake, na sijui hata moja aliyowahi kusemea kweli. Wakati ule bara kulikuwa na hali ya hatari, watu wanakamatwa, na bwana DO, Mzungu mkuu wa boma, alitaka wakubwa wake waje waone kwamba huku chini makabila yanakaa kwa amani. Basi kutafanywa maonyesho Garsen. Kila kabila litaleta ngoma yake, chakula chake, kazi za mikono yake. Atakayependeza kuliko wote atapewa taa ya karabai.

"Na Waorma wataleta nyumba," mkalimani alisema. "Pamoja na bibi harusi ndani."

Wazee wa Waorma walikataa pale pale. Bibi harusi hatazamwi na watu ovyo. Mkalimani akasema si ombi, ni amri ya bwana DO. Leo najua alidanganya, maana baadaye huyo DO aliuliza mwenyewe, "Kwani nani aliwaambia walete bibi harusi?" Lakini siku ile nani angemuuliza? Njia ya kumfikia DO ilikuwa kinywa cha mkalimani.

Aayo alikuja kwetu jioni hana hata hamu ya kutukana. Nyumba ilikuwa imekamilika, na ilikuwa hiyo hiyo moja. Binti hawezi kutazamwa. Amri ni amri. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akamaliza ile aliyoishika, akanionyesha mimi kwa kisu.

"Mchukue huyu," akasema. "Hana haya hata kidogo. Atazamwe mpaka macho yawaume."

Aayo alinitazama. Nilikuwa mweusi, mfupi, mabega mapana ya kupiga kasia. Akaanza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Tutamfunika sana," akasema.

Siku ya maonyesho tulikwenda Garsen na mitumbwi, mahindi chini, mikeka juu, ngoma juu ya mikeka, na sisi juu ya ngoma. Sijawahi kuona watu wengi vile. Uwanja ulikuwa umechorwa chokaa, visanduku visanduku, na mkalimani anazunguka na filimbi yake, "Kila mtu kwao! Kila mtu kwao!" Wapokomo kisanduku hiki, Waorma kile, Wasomali kule, Wagiriama pale, na Waswahili wa Kipini karibu na kiti cha bwana DO kwa kuwa walikuja na kanzu safi. Mtu akivuka mstari kwenda kusalimia shemeji yake, filimbi. Mtoto akivuka kufuata mpira wa matambara, filimbi.

Aayo na wenzake waliisimamisha nyumba mbele ya watu. Fito ziliingia ardhini, zikapindwa, zikafungwa, mikeka ikapanda, na hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyegusa kitu. Watu walipiga makofi. Kisha nikaingizwa kwa mlango wa nyuma, nikavikwa shuka, nikatiwa shanga mpaka shingo ikauma, na juu yangu kikatundikwa kile chombo cheusi chenye ukingo wa zambarau, kimejaa maziwa ya kumkaribisha mgeni. Bibi harusi wa kweli alikuwa kando yangu, amejifunika nguo kuukuu kama mjakazi, ananifinya kila nikikaa vibaya.

"Bibi harusi wetu hatanui magoti," ananong'ona.

"Wa kwetu hafinywi."

"Wa kwenu anaolewa na kambare."

Kupitia upenyo wa mkeka niliona kila kitu. Niliwaona Waswahili wakicheza kirumbizi, fimbo zinagongana, mzee mmoja kanzu imemkwama kwenye fimbo ya mwenziwe wanazunguka pamoja kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Wagiriama walileta ngoma yao ya mwanzele, wanawake na hando zao, zile sketi za marinda, zinaruka kiunoni, vumbi lote la uwanja likahamia kwa wageni wa bwana DO. Msomali mwenye duka alikuwa na birika kubwa la chai ya iliki na maziwa ya ngamia, na mkewe akigawa halua kwa kidole. Ilikuwa marufuku kuvuka mistari, lakini harufu haikuwa na habari na chokaa.

Kisha wakaanza kuja kumtazama bibi harusi. Wa kwanza alikuwa mke wa Msomali. Aliinama mlangoni, akanitazama, akatazama miguu yangu, akatazama tena macho.

"We," akasema polepole. "Si wewe uliyenunua chumvi kwangu juzi?"

Sikujibu. Bibi harusi hajibu. Akaufunika mdomo kwa mtandio, akatoka, mabega yanamruka. Baada yake akaja mama mmoja wa Kigiriama aliyezoea kutuuzia tembo la mnazi kwa siri kwa ajili ya babu. Aliponitazama akasema, "Hongera, mwanangu, babu yako anajua?" akatoka anajishika mbavu. Habari ilikwenda kwa miguu yake. Ilivuka mistari yote ya chokaa wala haikupigiwa filimbi. Kabla ya saa sita uwanja mzima ulijua kwamba bibi harusi wa Waorma ni mtoto wa Wapokomo, na uwanja mzima ulifunga mdomo. Wazee waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya ng'ombe na mashamba walikuwa wanakonyezana. Nikikumbuka amani iliyotakiwa kuonyeshwa siku ile, ndiyo hiyo. Ilikuwa ndani ya siri ile.

Waliokuwa hawajui ni watu wa boma peke yao.

Bwana DO akaja na mkewe, na mkalimani mbele yao. Aayo akatungua chombo, akammiminia memsahibu maziwa. Yule mama aliyanywa, moshi ukampanda puani, akakohoa, akaomba tena, kisha Aayo akakitundika chombo mahali pake. Mkalimani alikuwa anaeleza kwa Kiingereza, na kwa kuwa misheni nilishika maneno mawili matatu, na kwa kuwa baadaye tuliambiwa na mpishi wa DO, najua alichosema. Alisema hawa hawachanganyiki na mtu. Alisema msichana huyu hajawahi kuona mtumbwi wala kusikia ngoma tangu azaliwe.

Na saa hiyo hiyo, kwenye kisanduku cha kwetu, wakaanza ngoma yetu ya mwaribe.

Watu wa kwetu wanajua. Mwaribe haukuombi ruhusa. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi, nimebanwa na shanga, nasikia ngoma za watu wengine. Ilipolia ya kwetu, mpigaji akiwa mjomba wangu, bega la kulia liliondoka lenyewe. Nikalirudisha. Likaondoka la kushoto. Bibi harusi akanifinya kwa kucha, mimi nikaona anafinya kwa mpigo. Mara shuka lote linacheza, shanga zinalia, na mjomba kule, aliyekuwa anajua niko wapi, akasikia vicheko na akazidisha.

Uwanja ulipasuka. Sijasikia kicheko kama kile tena. Wagiriama walianguka. Wasomali walikuwa wanapiga makofi. Mzee wa Kiorma aliyekataa kuliko wote alikuwa amejiegemeza kwenye mkuki wake anafuta machozi. Memsahibu alicheka bila kuelewa, halafu mpishi akamwelewesha, akacheka zaidi, na bwana DO naye akacheka. Ndipo alipomuuliza mkalimani lile swali, nani aliwaambia walete bibi harusi. Hakungoja jibu, maana mashindano ya mitumbwi yalikuwa yanaanza, akaondoka na wageni wake kwenda mtoni.

Mimi sijutii mabega yangu. Waliniuliza watu miaka mingi kama sijutii, na nasema mpaka leo, ngoma ya mjomba wangu nilikuwa na haki nayo.

Mkalimani alibaki. Jino la dhahabu halikuonekana tena. Alipuliza filimbi, askari wakaja. "Udanganyifu mbele ya serikali," alisema. "Bomoeni."

Yaliyofuata nimekwisha kuyaandika juu. Mikeka na fito zilitupwa kwenye lori la boma, lori likaondoka kwenda Hola. Chombo hakikupanda lori. Kilikuwa kwapani.

Lakini sikilizeni yaliyofanyika lori lilipoondoka. Aayo alikuwa amekaa pale pale mlangoni, na mlango haupo. Mke wa Msomali ndiye aliyevuka kwanza. Alivuka chokaa na birika lake, filimbi ikalia, akamwambia mkalimani, "Pigia mbuzi hiyo," akaendelea. Wagiriama wakavuka. Wanawake wa kwetu tayari walikuwa wamevuka, mama mbele na kipande cha mkanda wa askari mkononi. Waswahili wa Kipini walivuka na kanzu zao. Ilipofika alasiri ungetafuta mstari mmoja wa chokaa usingeuona. Yote ilikuwa vumbi jeupe kwenye miguu ya watu.

"Harusi lini?" mama wa Kigiriama aliuliza.

"Mwezi ukiandama," Aayo akasema. "Lakini sina nyumba."

"Nani kasema huna?"

Wanaume walikwenda kukata fito. Wanawake wa kwetu walitandua mikeka waliyokuwa wanalalia. Mke wa Msomali alileta gunia na turubai la duka. Wagiriama walikata makuti, wakasuka usiku kucha wakiimba nyimbo ambazo bora bibi harusi hakuzielewa. Kwa hiyo binti wa Aayo aliingia kwa mume na nyumba ambayo haijapata kuonekana katika nchi ya Waorma. Upande mmoja ulikuwa mkeka wa zambarau wa kwetu, upande mmoja makuti, na mgongoni turubai lililoandikwa SUKARI. Mume wake alipoiona aliizunguka mara moja, kisha akauliza, "Nimeoa wangapi?" Harusi ile tulicheza mwaribe, tukacheza na ngoma zao, na safari hii shuka halikuwepo. Taa ya karabai sijui aliichukua nani. Hatukuihitaji.

Kitu kimoja tu hakikuwepo. Aayo alikamia maziwa ya bintiye ya kwanza kwenye chombo cha kuazima. Kiangazi kilipokwisha alikwenda Hola kwa miguu. Mkalimani alimwambia vitu vyote ni mali ya maonyesho, vimepelekwa Nairobi. Akaenda tena mwaka uliofuata, akaambiwa vimeungua. Mwaka wa tatu hakumruhusu kuingia. Alipokuwa anakufa alimwambia binti yake akitafute, na binti yake alipokuwa anakufa, mvua hizi zilizopita, aliniambia mimi: "Binti yangu anaolewa. Kitafute."

Na nimekipata. Shule ilifanya siku ya utamaduni hapa Garsen, watoto wa kila kabila wanacheza pamoja, na nilifurahi, siwezi kusema uongo, nilifurahi mpaka nikacheza. Mgeni wa heshima alikuwa mzee mwenye jino la dhahabu. Alileta meza yake ya vitu vya kale, alivyovihifadhi, walisema, kwa mapenzi ya utamaduni wetu. Katikati ya meza kilisimama chombo cheusi. Nilikiinua kifuniko. Ukindu umepauka, zambarau imekuwa kama majivu, lakini mshono ni wa mama yangu, meno ya mamba, mzunguko mzima. Nikanusa ndani. Moshi bado.

"Weka chini, mama," akaniambia. "Hicho ni cha Waorma. Wewe Mpokomo kinakuhusu nini?"

Kila mtu kwao, bado. Alizeeka na chokaa yake mkononi.

Basi nakujibu hapa, mzee, kwa kuwa pale ulimwita mwalimu anitoe. Kinanihusu kwa sababu mama yangu alikishona. Kinanihusu kwa sababu kilining'inia juu ya kichwa changu na nilikuona ukikitungua. Mjukuu wa Aayo anaolewa mwezi ukiandama, nyumba yake imekwisha kufumwa, na pale nyuma kwenye fito wameacha nafasi wazi. Ulimwambia Aayo kimeungua; kilichoungua hakinukii moshi wa maziwa. Ulimwambia kiko Nairobi; Nairobi haiko mezani kwako. Sitaki pesa yako wala pole yako. Nataka uje na chombo kile mkononi, si kwapani, usimame mbele ya wanawake wa pande zote uliowapigia filimbi, useme kwa kila lugha unayoijua ulikitoa wapi. Tutakuwa tumekaa mlangoni. Njoo ujibu.